Nje ya Madhabahu: Wanawake Washairi wa Enzi ya Malkia Victoria na Ibada ya Kikristo

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa ndugu zetu Wakatoliki mliotuheshimu kwa kufika, Tumsifu Yesu Kristo! Waheshimiwa wachungaji, walimu wa kwaya, akina mama, na ninyi wanafunzi wa theolojia mliochagua viti vya karibu na mlango: asanteni kwa kunialika. Nimeshaliona birika la chai pale pembeni, kwa hiyo utangulizi wangu unaishia hapa.

Tuanzie makaburini. Jeneza limeshateremshwa, kwaya imepoteza sauti kwa mkesha, kinanda kimebaki kanisani. Mama mmoja mtu mzima anaanzisha peke yake, "Karibu na wewe, Mungu wangu," na kabla hajamaliza mstari watu wote wameshaudaka, hata wale ambao mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa siku ya kubatizwa. Hakuna humu ndani asiyeujua wimbo huo. Lakini nikiuliza aliyeutunga ni nani, naona mnatazamana.

Ni Sarah Flower Adams, Mwingereza, na ulichapishwa mwaka 1841 kwa ajili ya usharika mmoja wa London uliokuwa ukikusanyika South Place. Dada yake Eliza ndiye aliyetunga muziki mwingi wa kitabu kile. Nao walikuwa Waunitaria, watu wasiokiri Utatu Mtakatifu. Sarah angekuja leo kuomba kushiriki Meza ya Bwana katika makanisa mengi tunayotoka sisi, wazee wa kanisa wangemrudisha kwenye darasa la mafundisho. Wimbo wake una Yakobo, una jiwe alilolifanya mto, una ngazi na malaika, yote ya Mwanzo 28. Jina la Yesu halimo. Wapo waliokosa raha kwa sababu hiyo, wakajaribu kuongeza ubeti au kuuandika upya uwe wa Kikristo zaidi. Waumini wakawaacha na marekebisho yao, wakaendelea kuimba wa Sarah. Yeye alifariki mwaka 1848, akiwa na miaka 43, kwa kifua kikuu.

Ninamtaja kwanza kwa sababu kisa chake kinaonyesha jambo ambalo wanahistoria wa ibada wamechelewa kulitilia maanani. Katika karne ya kumi na tisa, mtu aliyetia maneno midomoni mwa waabudu wengi kupita mhubiri yeyote, mara nyingi alikuwa mwanamke ambaye hakuruhusiwa kuhubiri.

Tuitazame Uingereza yenyewe. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na kwa cheo chake alikuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mwanamke mwingine yeyote katika kanisa hilo hakupanda mimbarini, wala hakusogea madhabahuni ila kupiga magoti na kupokea. Oxford na Cambridge, walikosoma wengi wa makasisi, hazikumpa shahada. Oxford ilianza 1920, Cambridge ikasubiri hadi 1948. Hata kwaya, ambako ninyi akina mama leo mnatawala, palifungwa. Zamani makanisa ya vijijini yalikuwa na roshani nyuma, wakiimba huko wanaume kwa wanawake pamoja na fidla na filimbi. Katikati ya karne ile mageuzi ya ibada yakazibomoa roshani hizo, yakaleta kwaya mbele karibu na madhabahu, ikiwa imevaa kanzu nyeupe: wanaume na watoto wa kiume. Sauti ya kwanza ikawa ya wavulana. Sisemi ilikuwa hivyo kila mahali. Catherine Booth alihubiri, na Jeshi la Wokovu aliloliasisi na mumewe likawapa wanawake jukwaa. Lakini wengi wa washairi nitakaowataja leo walikuwa Waanglikana, na Waanglikana walikuwa na utaratibu wao.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Watu hawa waliozuiwa kusogea mahali pa kutolea sadaka, wakiandika mashairi ya dini, wanaandika juu ya nini? Juu ya sadaka. Nimewasoma miaka mingi na kila nikigeuka nalikuta neno hilo: nikupe nini, nimekuja mikono mitupu, twaa, pokea, ni vyako. Wataalamu wa fasihi hupenda kuyasoma mashairi haya kama barua za siri za mioyo iliyovunjika. Mimi naona wanakosea mlango. Mashairi haya yalizaliwa ibadani, yakanyonyeshwa na Kitabu cha Sala cha Waanglikana na kalenda ya Kanisa. Ukiyatoa humo yanapauka.

Charlotte Elliott nitampitia haraka, maana wimbo wake maarufu kwa kweli ulitangulia enzi ya Victoria kwa mwaka mmoja au miwili. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu akiishi Brighton. Kaka yake, mchungaji, alikuwa akichangisha fedha za kujenga shule ya mabinti wa makasisi maskini, na nyumba nzima ilikuwa mbioni kuandaa mnada wa hisani. Yeye amelala, hana la kushika. Katika unyonge huo akatunga wimbo wa mtu anayemjia Kristo jinsi alivyo, bila hoja ya kujitetea. Ukachapishwa mwaka 1836 katika kitabu cha nyimbo za wagonjwa. Kaka yake alikuja kukiri baadaye kwamba miaka yote ya huduma yake haikuzaa matunda kama wimbo huo mmoja wa dada yake. Karne iliyofuata Billy Graham akaufanya wimbo wa kuwaita watu mbele katika mikutano yake. Wanyonge wengi wamepita mbele ya umati kwa maneno ya mtu ambaye kutoka kitandani tu kulikuwa kazi.

Cecil Frances Alexander anahitaji muda zaidi, maana kwake kuna mazuri na kuna la kugombana nalo. Alizaliwa Dublin mwaka 1818, na mwaka 1848, kabla hajaolewa, alitoa kitabu cha nyimbo za watoto wadogo ambacho John Keble, mshairi mkubwa wa kanisa wakati ule, alikiandikia neno la utangulizi. Mpango wake ulikuwa wa kiualimu kabisa. Watoto wanakaririshwa Kanuni ya Imani bila kuielewa, kwa hiyo kila kipengele akakitungia wimbo. "Muumba mbingu na nchi" kikapata wimbo wa viumbe vyote vizuri vyenye kung'aa, vikubwa kwa vidogo. "Akazaliwa na Bikira Mariamu" kikapata ule wa zizi katika mji wa kifalme wa Daudi. "Akateswa zamani za Pontio Pilato" kikapata wa kilima cha kijani nje ya ukuta wa mji. Yaani mwanamke aliyekatazwa kufundisha mimbarini akawa ndiye mkatekista wa mataifa yanayosema Kiingereza, na maaskofu wengi walijifunza fundisho la upatanisho wakiwa na miaka sita, kwa vina vyake. Mapato ya kitabu yalisaidia shule ya watoto viziwi huko Strabane, Ireland ya kaskazini. Hebu fikirini: nyimbo zinawasomesha wale wasioweza kuzisikia.

Basi, katika ule wimbo wa viumbe vyote aliweka ubeti unaosema tajiri yuko ndani ya ngome yake na maskini yuko langoni pake, na kwamba Mungu ndiye aliyewafanya wa juu na wa chini akawapangia hali zao. Mwaka ni 1848. Nchi ni Ireland. Njaa kuu iliyoanza 1845 baada ya viazi kuozea shambani bado inaua watu kwa maelfu, na maskini waliokuwa langoni hawakuwa mfano wa kitabuni. Sitaki kumtetea hapa. Yeye mwenyewe alijulikana kwa kutembea matopeni kwenda kuwahudumia wagonjwa na maskini, na hilo ni la kweli, lakini ubeti ni mbaya na ulikuwa mbaya siku ulipoandikwa. Walioandaa kitabu kikubwa cha nyimbo cha Waanglikana cha mwaka 1906 waliuondoa, na vitabu vingi vya sasa havinao. Walimu wa kwaya, mkikutana nao mahali, urukeni bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa tufike kwa Frances Ridley Havergal, maana hapa ninyi wenyewe ni mashahidi. Nani hajaimba "Twae wangu uzima" siku ya kipaimara, au siku ya kuwekwa wakfu viongozi wa umoja wa wanawake? Huyu alizaliwa mwaka 1836, binti wa kasisi aliyekuwa pia mtunzi wa muziki wa kanisa. Alipiga piano vizuri sana, alikuwa na sauti nzuri, alisoma Biblia katika Kiebrania na Kigiriki. Mtoto wa kiume mwenye vipaji hivyo angekuwa kasisi kama baba yake, au pengine mkuu wa muziki katika kanisa kuu fulani. Yeye akawa mgeni wa nyumba za watu, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mwandishi wa vitabu vidogo vya kutafakari.

Mwanzoni mwa Februari 1874 alikuwa amealikwa siku chache katika nyumba iitwayo Areley House. Walikuwemo watu kumi, baadhi yao hawajaokoka ingawa wameombewa miaka, wengine wameokoka lakini hawana furaha. Aliomba apewe wote waliomo, na kwa maelezo yake mwenyewe akapewa. Usiku wa mwisho usingizi ukagoma kwa furaha. Akalala macho akijitoa upya kwa Mungu, na mistari ikawa inakuja miwili miwili, hadi ikafika kwenye ule wa mwisho wa kuwa wa Bwana daima, wa Bwana tu, wote.

Kisa hicho kinasimuliwa sana kwenye semina za uamsho, na watu husikia ndani yake msisimko wa usiku mmoja tu. Mimi naomba tuufungue wimbo wenyewe na tuutazame kwa karibu. Unaanza na uzima, unaingia kwenye saa na siku, kisha unashuka mwilini: mikono, miguu, sauti, midomo. Halafu mkoba: fedha na dhahabu. Halafu akili, nia, moyo, upendo. Mwisho, nafsi nzima. Orodha hii haikutoka hewani. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho binti yule wa kasisi alikisikia Jumapili zote za maisha yake, baada ya watu kupokea Ushirika Mtakatifu kuna sala ambayo ndani yake waumini wanamtolea Mungu nafsi zao, roho zao na miili yao iwe dhabihu iliyo hai. Nayo sala hiyo imesimama juu ya Warumi 12:1: "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu, ndiyo ibada yenu yenye maana." Sala ile inasomwa na kasisi. Havergal ameichukua, ameikatakata vipande vya mistari miwili, kila kiungo na mistari yake, akawapa watu wote waiseme kwa vinywa vyao wenyewe. Kilichokuwa cha kasisi mbele ya meza kikawa cha mpishi na mfuaji nguo.

Na hakuishia kwenye kuandika. Mwaka 1878, miaka minne baada ya usiku ule, aligundua kwamba ule mstari wa fedha na dhahabu ulikuwa umemtangulia. Akakusanya vito vyake, karibu vipande hamsini, akavitia katika kijisanduku chake cha vito ambacho kwa maneno yake kilimfaa mke wa mtu mwenye cheo, akavituma vyote makao makuu ya Church Missionary Society, jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, huko London viuzwe. Alibakiza bizimu moja mbili za kuvaa kila siku, zilizokuwa ukumbusho wa wazazi wake, na vichache vingine vya ukumbusho. Kwa rafiki yake aliandika kwamba hajawahi kufunga sanduku kwa raha namna ile. Hiyo ndiyo jumuiya iliyokuwa imefungua makazi ya watumwa walioachwa huru pale Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875. Juni 1879 Havergal alifariki, akiwa na miaka 42.

Lakini nisiwe kama wale wanaosifu tu. Wimbo wa "twaa" una hatari yake, na akina mama wanaijua bila kuambiwa. Jamii ya Victoria tayari ilikuwa ikimwambia mwanamke atoe kila kitu: utoe muda, utoe mwili, utoe mali (hadi sheria ya mwaka 1882 mali nyingi ya mke wa Kiingereza ilihesabiwa ya mumewe), na ukimaliza utabasamu. Mtu akija na wimbo wa kumtolea Mungu vyote, mume na kaka na kasisi wanaweza kuuimba kwa furaha kubwa, kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na kikapu. Tofauti ni kwamba Havergal hakuolewa, ingawa aliposwa zaidi ya mara moja, na kalamu yake ilimpa kipato chake. Dhahabu alikuwa nayo ya kutoa. Anayeimbishwa wimbo huu akiwa hana hata nauli ya kurudi nyumbani, huyo anaimba kitu kingine.

Sasa Christina Rossetti. Wale mnaosoma fasihi mmeshakutana naye. Alizaliwa London mwaka 1830, baba Mwitaliano mkimbizi wa siasa, kaka yake Dante Gabriel mchoraji maarufu. Kanisa lake la ujana lilikuwa Christ Church, Albany Street, mojawapo ya makanisa ya London yaliyoshika mapema mafundisho ya Vuguvugu la Oxford: sakramenti zithaminiwe, kalenda ifuatwe, maungamo yarudishwe, ibada iwe na utukufu. Dada yake Maria aliingia utawa wa Kianglikana. Christina mwenyewe kwa miaka kadhaa alijitolea katika nyumba moja ya kanisa huko Highgate iliyopokea wanawake waliotoka katika ukahaba. Wanaume wawili walitaka kumwoa, na wote wawili imani ikaingia kati: mmoja alirudi Kanisa Katoliki, mwingine hakuwa muumini kwa namna ambayo Christina angeikubali.

Hapo ndipo wasomi wanapokimbilia. Kaka yake mwingine, William Michael, alipohariri mashairi yake yote mwaka 1904 aliacha vidokezo vya nani alipendwa na lini, na tangu hapo kila shairi la Kwaresima limetafutiwa mchumba. Naomba tulisome moja tu kama mtu wa kanisa angelisoma: shairi la Ijumaa Kuu, lililomo katika kitabu chake cha mashairi cha mwaka 1866.

Lina beti nne fupi. Anayesema yuko chini ya msalaba. Anajiuliza kama yeye ni jiwe wala si kondoo, hata aweze kusimama pale akihesabu damu ya Kristo tone kwa tone inavyopungua polepole, na asilie. Ona neno hilo, kuhesabu. Ni mtu anayejua wajibu wake wa siku, amefika, anafuata kila kitu, na ndani pakavu. Ubeti wa pili unataja waliolia: wale wanawake walioomboleza, Petro aliyeanguka akalia kwa uchungu, hata yule mnyang'anyi aliguswa. Ubeti wa tatu unapanda mbinguni: jua na mwezi vilificha nyuso, giza la kutisha likashuka mchana kweupe. Halafu mstari mfupi kuliko yote, maneno matatu tu ya Kiingereza: mimi, mimi peke yangu. Mdundo unakatika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Angeishia hapo tungekuwa na shairi zuri la huzuni, na wachumba wangepata kazi. Lakini kuna ubeti wa nne. Anamwomba Mchungaji asikate tamaa, amtafute kondoo wake. Kisha anamwita aliye mkuu kuliko Musa, ageuke, atazame mara moja tena, apige mwamba. Ndani ya mistari hiyo miwili kuna masomo matatu ya Biblia yamefungwa fundo moja. Musa alipiga mwamba jangwani, maji yakatoka. Luka 22:61 inasema "Bwana akageuka akamtazama Petro," na ndipo Petro alipotoka nje akalia. Na Paulo anawaambia Wakorintho kwamba mwamba ule ulikuwa Kristo. Kwa hiyo jiwe la mstari wa kwanza, lililokuwa aibu yake, sasa ndilo tumaini lake: mwamba ndio unaopigwa, na kutoka kwenye mwamba ndiko maji hutoka. Anaomba kutazamwa kama Petro, apigwe kama mwamba wa jangwani, alie. Nimesikia mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu yaliyochukua saa tatu nzima. Sijasikia lililosema haya kwa mistari kumi na sita.

Na mtaona hakutueleza kwa nini moyo wake ulikauka. Wenzake wa Vuguvugu la Oxford walikuwa na fundisho zima juu ya hilo. Isaac Williams aliliandikia kijitabu mwaka 1838. Walisema mambo matakatifu hayatupwi barazani, yanatolewa kwa kipimo, kadiri msikiaji anavyoweza kuyabeba. Christina alilishika fundisho hilo kama mtu wa pwani anavyoshika stara. Kunyamaza kwake si woga wa binti wa Victoria. Ni adabu ya ibada.

Shairi lake linaloimbwa zaidi ni lile la Krismasi, la majira ya baridi kali, lililotoka katika jarida moja la Marekani Januari 1872. Lilikuja kuwa wimbo mwaka 1906, yeye akiwa ameshafariki, Gustav Holst alipolipatia sauti. Lina theluji juu ya theluji, jambo ambalo Bethlehemu haikuliona usiku ule. Hiyo ni London, tumwachie. Mwisho anauliza atampa mtoto nini, yeye maskini. Angekuwa mchungaji angeleta mwanakondoo. Angekuwa mmoja wa mamajusi angetimiza sehemu yake. Mchungaji na mamajusi: kazi mbili zilizo na nafasi rasmi mbele ya hori, na hana hata moja. Anabaki na moyo, anautoa. Wengine huliona jibu hilo ni jepesi, la kitoto. Mimi naliona ni mtu aliyepanga foleni ya sadaka akiwa hana kikapu, akafika mbele hivyo hivyo.

Msidhani namchora mwanaharakati. Katika barua kwa mshairi mwenzake Augusta Webster, aliyekuwa akipigania haki ya wanawake kupiga kura, Christina alisema kwamba ukuhani kuwekewa wanaume pekee kulimwonyesha kuwa kazi za juu kabisa hazikufunguliwa kwa jinsia zote hapa duniani. Aliliamini hilo. Wakati huohuo, mwaka 1892, alichapisha ufafanuzi wa kitabu cha Ufunuo, mstari kwa mstari, zaidi ya kurasa mia tano, nathari na mashairi yakifuatana, kupitia shirika la uchapishaji la Kianglikana lenye heshima. Hakuuita theolojia. Aliuita wa kutafakari, na mlango ukafunguka. Mwaka uliofuata shirika lilelile likakusanya mashairi ya vitabu vyake vya ibada likayatoa kama kitabu kimoja. Akafariki tarehe 29 Desemba 1894. Kanisa lake liliwapa wanawake wa kwanza ukasisi mwezi Machi 1994, katika kanisa kuu la Bristol, na leo jina lake mwenyewe limo katika kalenda ya Kanisa la Uingereza, Aprili 27.

Kwa wale wa Zanzibar na Tanga, niongeze kitu kimoja. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini kuanzia 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, ilikuwa tawi la vuguvugu hilohilo lililomlea Christina. Majilio, Kwaresima, sikukuu za mashahidi, ule utaratibu wa mwaka ambao bibi zetu wa Kianglikana waliufuata kwa Kiswahili, ndio aliouandikia mashairi. Mtu aliyekulia Mkunazini au Magila akimsoma hahitaji maelezo mengi ya chini ya ukurasa.

Baada ya hotuba nilipata maswali mawili ambayo nayaweka hapa. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama tuache kuimba nyimbo hizi za Waingereza, tuimbe zetu. Nilimjibu tuimbe zetu, zipo na ni nzuri, na tuwaulize watunzi wetu wanawake majina yao tuyaandike juu ya wimbo, kwa sababu vitabu vyetu vingi vina namba tu. Mwanafunzi mmoja akauliza shairi la Ijumaa Kuu lisomwe wapi katika ibada. Nilimshauri baada ya Injili ya mateso, mahali pa solo ya tatu, asome mtu mmoja asiye na kipaza sauti kikubwa, na asisome kwa sauti ya kulia. Akasema atamwomba mchungaji wake. Mchungaji wake alikuwa amekaa mstari wa mbele, akasema wazi mbele ya watu kwamba muda wa Ijumaa Kuu umeshajaa, ila solo ya tatu kwa kweli inaweza kupungua.